Mwaka Editha Alipofanyia Kazi Chumbani Kwangu

Nilipofika msibani Majengo, Mpanda, waliniletea kiti. Kilikuwa cha plastiki, cheupe, kimepanguswa kwa upindo wa kanga kabla sijakalia, na aliyekileta alinishika mkono kwa mikono yake miwili akaniambia pole na safari. Wanawake wenye haki na marehemu walikuwa wamekaa ndani, chini, kwenye mikeka, wamenyoosha miguu. Mimi niliyelala katika nyumba ile miaka mitatu, niliyemwita Mama Shukuru mama kabla hata sijajua jina lake halisi, niliwekwa nje chini ya turubai pamoja na wajumbe wa mtaa na watu waliokuja mara moja kutoa pole na kuondoka. Nilikuwa bado natafuta pa kuweka mkoba wangu Editha alipotokea mlangoni. Alikuwa amejifunga kanga ya rangi ileile waliyojifunga mabinti wa marehemu, sare ya wafiwa, na alikuwa anawauliza wapishi kama chumvi imefika. Editha, Mkatoliki wa Usevya, asiye ndugu yao wala wa dini yao, ambaye aliijua nyumba hii kwa sababu nilimleta mimi. Nimekusudia kusema kweli katika sura hii yote, kwa hiyo nianze hapa: kitu cha kwanza nilichohisi kwenye msiba wa Mama Shukuru hakikuwa huzuni. Kilikuwa wivu, na nilikuwa nimekizoea.

Mwaka ninaoukumbuka nilikuwa na miaka ishirini na saba. Nilikuwa karani wa masjala katika ofisi moja mjini Mpanda; kazi yangu ilikuwa kupokea barua, kuzigonga muhuri, kuziweka kwenye mafaili, na kuyatafuta mafaili hayohayo yanapohitajika. Pale mlangoni palikuwa na kitabu cha mahudhurio, na kila siku saa moja na nusu kamili afisa utumishi alikuja na rula na kalamu nyekundu, akapiga mstari chini ya jina la mwisho. Aliyesaini chini ya mstari alikuwa na maelezo ya kutoa. Nimewahi kukimbia kutoka Majengo hadi ofisini viatu mkononi kwa ajili ya mstari ule. Lakini jioni nilikuwa na pa kurudi. Nyumba ya Mama Shukuru ilikuwa na vyumba sita, vitatu kila upande wa korido, na uani kulikuwa na bomba, jiko la pamoja, na kipande kikubwa cha sakafu ya saruji ambapo mama mwenyewe, mfanyabiashara wa mchele na mjane, alianika mpunga wake aliokuwa akiutoa Usevya kabla ya kuupeleka mashineni. Wapangaji tulipika pamoja pale. Mama Pili wa chumba cha mbele aliuza dagaa na migebuka kutoka Karema, kwa hiyo uani kulinuka samaki tangu saa kumi na moja, na harufu ile ndiyo ilikuwa inaniambia nimefika. Mama Shukuru alikuwa akiniona kwenye korido tu, anasema, “Binti wa ofisi amerudi, mpisheni,” na msimu wa mvua alikuwa akiniwekea bakuli la uyoga wa karanga juu ya kabati lake, limefunikwa sahani, hata kama wengine wamekosa. Sikuwa binti wa ofisi wa maana yoyote. Ila pale nilikuwa.

Editha tulisoma naye, bweni moja. Mwanzoni mwa mwaka ule alinipigia simu kutoka Dar akasema ofisi yao imefungwa, lakini amepata kazi nyingine ya kwenye mtandao, ya kampuni ya nje, na kazi hiyo haina mahali. Inaweza kufanyika hata Mpanda mradi kuna umeme na bando. Nikamwambia njoo tugawane chumba. Nilisema kwa moyo mweupe, naomba niaminiwe hapo. Akaja na begi moja la nguo na kompyuta ndogo aliyokuwa ameifungia ndani ya sweta. Ndani ya wiki fundi wa Majengo alikuwa amemtengenezea meza, na kwa kuwa kazi ilihitaji mwanga, meza ikakaa chini ya dirisha pale kilipokuwa kitanda changu, na kitanda changu kikahamia ukutani kwenye giza. Kazi yenyewe aliniambia ni kusikiliza. Watu walikuwa wamerekodiwa wakizungumza Kiswahili, wa kila lafudhi, na yeye aliandika walichosema, neno kwa neno. Nikamuuliza, basi? Akasema basi. Nikawaza barua zangu, muhuri wangu, rula ya afisa utumishi, nikacheka. Usiku huo nilichelewa kupata usingizi.

Tangu hapo asubuhi zangu ziliharibika. Nilikuwa naamka saa kumi na mbili, naoga kwa ndoo maji yakiwa ya baridi, napiga pasi sketi, na Editha yuko kitandani kwake, mguu mmoja nje ya shuka. Anafungua jicho moja, ananiambia, “Siku njema, Kalunde,” analifumba. Hakuwa na pasi wala saa. Alikuwa akianza kazi saa tatu akiwa amevaa dera, kikombe cha chai mkononi, miguu juu ya kigoda. Nilijua anavyoanza kwa sababu kulikuwa na Jumamosi, na Jumamosi nilimwangalia kama mtu anavyomwangalia jirani aliyejenga. Roho iliniuma kwa vitu vidogo: kwamba viatu vyake haviishi soli, kwamba akitaka kula muhogo wa moto saa nne anatoka uani anakula, kwamba hakuna anayemwita “wewe” kutoka dirisha la ghorofa ya juu. Alikuwa huru na alikuwa huru chumbani kwangu. Kila mwisho wa mwezi alilipa nusu yake ya pango mapema kuliko mimi, na kwa hilo nalo nilimchukia.

Siku moja ya mwezi wa tatu nilirudi nikamkuta Mama Shukuru uani na ungo wa mchele, anachagua mawe. Nikakaa naye kuchagua, kama tulivyozoea. Akaniuliza kwa sauti ya chini mwenzangu anafanya kazi gani hasa, maana anamsikia mchana anaongea peke yake, anarudia maneno, mara anacheka. Aliniuliza kwa wema. Ningeweza kumweleza kwa dakika mbili, mama yule aliyefanya hesabu za magunia kichwani angeelewa haraka kuliko nilivyoelewa mimi. Nikasema, “Hana kazi, mama. Anajishughulisha tu na kompyuta hapo, asijione amekaa bure.” Mama Shukuru akasema, “Maskini, mtoto wa watu,” akaendelea kuchagua mawe. Niliinuka pale nimeridhika. Kwa mara ya kwanza tangu Editha aje nilikula nikashiba.

Sikujua nilichokifanya. Katika nyumba ya kupanga, mtu asiye na kazi anayeshinda nyumbani ni mali ya wote. Kesho yake tu Mama Pili alimgongea Editha dirisha: Editha upo? Niangalizie jiko. Halafu ikawa funguo: kila mpangaji aliyetoka aliacha funguo kwa Editha. Ikawa maji, kwamba mgao ukifunguliwa mchana Editha ajaze madumu ya nyumba nzima. Muuza mkaa akija, Editha apokee. Na mpunga wa Mama Shukuru, uliokuwa hauna mwangalizi zaidi ya kuku, ukapata mwangalizi. Alikuwa haendi mbali, alikuwa hasemi hapana, na hakuna aliyemuuliza kama ana shughuli, kwa sababu mimi nilishajibu. Nilikuwa narudi jioni naambiwa Editha alifanya hiki na kile. Wakawa wanamcheka kwa upendo namna anavyotoka mbio na vidude masikioni, waya unaning'inia, anamfukuza kuku kwa kandambili halafu anarudi mbio. Na kwa kuwa alikuwa hapo saa zote, habari zote zikawa zinampitia yeye. Nani amegombana na mumewe, nani ana mimba, nani atahama. Nilikuwa nikiingia uani naona wanacheka jambo lililotokea saa sita mchana, wanaanza kunieleza, halafu wanasema, “Basi, ungekuwepo.” Nilimpaka matope nikiwa nataka ashuke, na matope yaleyale yakampeleka ndani ya kila chumba. Uyoga wa mwisho wa msimu ule, bakuli la juu ya kabati, lilikuwa la Editha. Alinigawia nusu. Nikala nusu ile huku nimemgeuzia mgongo.

Ndipo siku moja ya Jumamosi aliniita mezani kwake akanionyesha kitu. Kwenye pembe ya kioo cha kompyuta palikuwa na duara dogo la kijani. Akaniambia nitazame, akaondoa mikono, akaiweka mapajani. Tukatazama. Baada ya muda duara likawa la njano. Tukasubiri tena, likawa jekundu, na chini yake pakatokea maandishi yanayomuuliza kama bado yupo kazini. Akagusa kitufe haraka. Akanieleza kwamba kila wekundu unaandikwa, kwamba mashine inapiga picha ya kile anachokifanya bila kumwambia lini, na kwamba akienda chooni anaenda anahesabu. Mwezi ule alikuwa ameonywa mara mbili. Alisema, “Sijui niwaambieje hawa, Kalunde. Nikiwaambia nafanya kazi wanacheka. Nisaidie wewe, wewe wanakusikiliza.” Nilimjibu nitaongea na mama. Nilikuwa na mstari mmoja mwekundu kwa siku, saa moja na nusu, ukishapigwa umepigwa. Yeye alikuwa na mistari mia. Mtu mwenye roho nzuri angemhurumia. Nakumbuka nilichohisi ni nafuu, nafuu tupu, na siku zilizofuata nilikuwa natembea kwenda ofisini taratibu zaidi. Sikuongea na mama. Wiki ikapita, mwezi ukapita, Editha akaniuliza mara moja tu, nikasema nimesahau, hakuniuliza tena.

Kuna jambo lingine la mwaka ule ambalo wakati huo sikulipa uzito. Nilikuwa nikifungua mlango jioni, Editha anageuza kiti chote kunitazama. Anataka nimsimulie: nani alikuja masjala, nani alichelewa, mkuu alivaa nini, njiani nimekutana na nani. Alikuwa ameshinda na sauti za watu asiowajua masikioni, na za majirani wanaotaka kitu. Alitaka yangu. Nilikuwa namwambia nimechoka. Wakati mwingine sikuwa nimechoka hata kidogo, nilikuwa nimetoka kucheka na wenzangu njia nzima kuanzia sokoni. Niliona kwamba ameshachukua dirisha na mama na bakuli, hadithi zangu asizipate.

Mwisho wa mwezi wa kumi alipangiwa usaili wa kupandishwa. Akishinda, atakuwa msimamizi wa wenzake, na wasimamizi hawawekewi duara. Ilikuwa Jumatano, saa nane mchana, yeye na watu watatu wa nje wanamtazama kwenye kioo. Aliwaambia wapangaji wote siku hiyo asigongewe, na kwa kuwa hakuomba kitu kamwe, walimkubalia. Mimi nilikuwa na ruhusa ya ugonjwa siku ya pili. Homa ilikuwa kweli Jumanne. Jumatano asubuhi ilikuwa imeisha na nilikuwa nimeshakula chapati mbili, lakini nilijifunika nikabaki kitandani. Mama Shukuru alikuwa sokoni, Mama Pili kafuata mzigo stendi, wengine makazini. Kabla hajatoka mama alipitisha kichwa mlangoni akaniambia mpunga uko nje, magunia matano, niutazame kama naweza kusimama. Mvua haikutegemewa wiki ile. Alisema kwa desturi tu.

Nilisikia tone la kwanza kwenye bati saa nane na dakika chache. La pili, la tatu. Editha alikuwa ameanza, nywele amezisuka upya, blauzi nzuri juu na dera chini ya meza pasipoonekana, anaongea Kiingereza kwa sauti ya utaratibu ambayo sikuwa nimewahi kuisikia. Hakuweza kusikia mvua, masikio yalikuwa yamezibwa. Kwenye kioo niliwaona wale watu watatu wanatabasamu. Mmoja alikuwa anaandika huku anatikisa kichwa kwa kukubali. Anashinda, nilisema moyoni. Nilikuwa na miguu miwili mizima na kandambili ziko chini ya kitanda. Mpunga ukilowa unakatikakatika mashineni, unatoka chenga, na mama alikuwa ameutunza tangu mavuno akisubiri bei. Kuanua magunia matano ni kazi ya mtu mmoja aliyewahi. Nilijiinua kwa kiwiko, nikasema kwa sauti ya kumfikia mtu hata kama amezibwa masikio, “Editha, mvua. Mpunga wa mama.”

Aligeuka akanitazama. Alilitazama blanketi nililolishikilia hadi kidevuni. Akavua vidude masikioni, akavilaza mezani kwa upole, akatoka. Nilimsikia anakokota turubai uani, anapumua, mvua imeshashika kasi. Wale watatu walibaki wanatazama kiti kitupu. Mmoja aliita jina lake, mara mbili, sauti nyembamba ikitoka kwenye vile vidude mezani. Nyuma ya kiti kulikuwa na mimi kitandani, nikateleza chini ya blanketi ili wasinione. Baada ya dakika chache kioo kikawa cheusi. Aliporudi maji yanamtiririka kutoka kwenye misuko, akagusa kitufe, akakaa mbele ya weusi ule na mikono mapajani. Jioni nyumba nzima ilimsifu, Mama Shukuru akamkumbatia mbele ya watu akamwita mwanangu, na alikuwa hajamwita mpangaji yeyote hivyo, hata mimi. Wiki mbili baadaye kampuni ilimwandikia kwamba hawamhitaji tena.

Alipoamua kuingia sokoni na mama kuuza mchele, aliniachia ile kompyuta. Alisema yeye hana tena kazi nayo. Nikaichukua. Nikaomba kazi ileile, wakanipa. Mwaka uliofuata niliacha masjala nikahamia Dodoma, na huko nimekaa miaka saba katika vyumba viwili vyenye dirisha zuri, naamka ninapotaka, nalipwa vizuri kuliko nilivyowahi kuota. Jirani yangu wa mlango wa pili simjui jina. Juzi nilipoambiwa Mama Shukuru amefariki, aliyenipigia ni Editha, na alipiga baada ya maziko.

Siku ile ya msiba watu walipopungua niliacha kiti, nikazunguka uani. Nilimkuta anasugua sufuria kubwa kwa majivu. Nikapandisha sketi nikachuchumaa naye, na nikamwambia yote. Nilimwambia kwamba nilisema hana kazi. Nilimwambia kwamba siku ile sikuwa mgonjwa. Alikuwa anasugua.

“La kwanza mama aliniambia kabla mwaka haujaisha,” alisema. “La pili nililiona. Ulikuwa na makombo ya chapati kwenye shuka.”

Kwa hiyo mama alijua. Miaka saba ya simu za sikukuu, hujambo mwanangu Kalunde, uje tukuone, na alijua. Nilisubiri nilie, ikashindikana. Editha alimwaga maji machafu, akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza tangu nifike.

“Ulikuwa unataka nini hasa?” aliuliza. “Maana nimewaza, sikupata.”

Nikafikiri kazi, dirisha, bakuli. Hakuna hata kimoja kilichokuwa jibu. “Nilitaka unionee wivu,” nilisema. “Hata siku moja.”

Editha aliacha kusugua. “Mimi? Mimi nilikuonea mwaka mzima,” alisema. “Kila asubuhi ulikuwa ukitoka, nakusikia unasalimiana na watu. Mama Pili, fundi, wale wazee wa kona. Nilikuwa nalala macho nafuata sauti yako mpaka inapotea. Halafu ndiyo naamka nawasha mashine.”

Alisema hivyo bila uchungu, akainamia tena sufuria. Ningepaswa kufarijika, nilipata kile nilichokitaka, na nilikuwa nacho tangu zamani bila kujua. Lakini nilipokuwa naiangalia mikono yake kwenye majivu wivu ulinishika upya, mkubwa kuliko ule wa kwanza. Mwaka mzima alikuwa na wivu kama wangu, chumba kimoja na mimi, na wivu wake haukumuumiza mtu hata mmoja.